Gari la Dada Kwenye Nafasi ya Wageni

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Dada ameondoka alfajiri kwenda mafunzo ya wakunga. Siku tano. Ameniachia nyumba, maharage ya kuchemsha na orodha ya maagizo iliyobandikwa kwenye friji. Agizo la kwanza limepigiwa mstari mara mbili: gari lisivuke geti. Likivuka, alisema akifunga mkoba, na wewe utavuka, godoro lako likiwa kichwani. Ijumaa jioni anaingia zamu wodini, na gari analitaka palepale alipoliacha.

Nimelitafakari agizo hilo kwa kina. Ni la kidikteta. Saa mbili na nusu nilikuwa nimevuka geti.

Sikulichukua kwa starehe. Nilichukua gari kwa sababu mtetezi wa wanyonge hawezi kufika mkutanoni na vumbi hadi magotini. Wanyonge wenyewe hawapendi.

Mbele ya jengo la kitivo kuna nafasi kumi na mbili za kuegesha. Kumi na moja zimeandikwa vyeo kwa rangi nyeupe: Mkuu wa Kitivo, Naibu wake, Mhasibu, mpaka Msimamizi wa Samani! Viti vina msimamizi, na msimamizi ana kivuli. Ya kumi na mbili ni ya wageni, saa mbili tu. Na sisi wanafunzi? Tumetupwa nyuma ya karakana, kwenye kokoto, mwendo wa robo saa. Hiki ndicho chuo kinachotutungia mitihani kuhusu usawa.

Nikaegesha kwenye nafasi ya wageni. Sote ni wageni duniani.

Nilipotoka darasani saa saba nilikuta karatasi ya njano kwenye kioo na mlinzi kando yake. Tunamwita Sentimita kwa sababu hutembea na futi ya kupimia kiunoni na hupima umbali wa kila gari kutoka kwenye mstari. Alinionyesha alama ya chaki aliyoichora kwenye tairi asubuhi. Onyo la kwanza, mwanangu, alisema. La tatu ni kufuli la chuma kwenye gurudumu, na kufuli halifunguliwi mpaka aje mwenye gari mwenyewe, mkononi kadi ya gari. Akauliza kama mwenye gari ni mimi. Nikamjibu kwamba umiliki ni dhana ya kibwanyenye. Akaandika: siye.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Chaki! Dola nzima ya maegesho imesimama juu ya kipande cha chaki! Nimecheka peke yangu bafuni.

Mkakati: kitambaa kilicholowa. Saa nne, kati ya vipindi viwili, nilichuchumaa kana kwamba nafunga kamba za viatu, nikaipangusa alama. Saa sita nikaipangusa tena. Safi kabisa. Niliingia kipindi cha mwisho nikihisi ninavyohisi ninaposhangiliwa.

Saa tisa: karatasi ya njano. Onyo la pili.

Nilimkabili Sentimita kwa hoja. Ushahidi uko wapi? Chaki iko wapi? Akafungua kijitabu chake kilichofungwa kwa mpira na kunieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto kusoma saa. Chaki ni ya kuwatisha watu. Yeye huangalia valvu, kile kichuchu cha kutilia upepo, na kuandika ilikoelekea. Asubuhi ilielekea saa nne, sasa inaelekea saa nne. Gari halikutikisika. Kisha akaongeza kwamba nimelipangusa tairi vizuri sana, na kwamba kama nina nafasi, matatu yaliyobaki nayo yana vumbi.

Wapita njia walicheka. Katibu wa serikali ya wanafunzi alicheka kuliko wote. Mtu huyu alinishinda uchaguzi kwa kura nne na tangu hapo hutembea na faili kwapani, hata akienda chooni. Aliniuliza kwa nini nisilitoe gari kila baada ya saa mbili, nikazunguka jengo na kurudi. Nilimtazama kwa huruma. Hiyo ni kutii. Watu kama hawa ndio wanaochaguliwa.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Kama adui anasoma valvu, geuza valvu.

Nilifika na jeki. Saa tano kamili niliinua gurudumu la mbele na kulizungusha mpaka valvu ikatoka saa mbili ikaenda saa nane. Lilikuwa jambo la dakika tano kwenye nadharia. Kwenye vitendo jeki ilizama lamini, nikalala chali chini ya gari la dada nikiwa na shati jeupe, na darasa zima la mwaka wa kwanza likasimama kunitazama. Katibu alipita na faili lake. Alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba angalau leo ndugu yetu yuko chini pamoja na wanyonge.

Kisha vikaja viatu vya Sentimita. Nilifumba macho.

Pancha, mwanangu? aliuliza.

Ningeweza kusema ukweli. Nikakumbuka godoro. Nikasema pancha, na mashine nayo inakohoa, na sijui hata kama litawaka. Mzee akaingiwa na huruma ya kweli! Alikwenda kibandani kwake, akarudi na maji ya kunywa, akaniandikia kibali cha gari bovu: liruhusiwe kukaa hapo mpaka Jumamosi, bila onyo, bila kufuli. Mihuri miwili.

Ushindi! Nimemshinda Sentimita kwa wema wake mwenyewe.

Kasoro ni moja tu. Gari bovu haliondoki. Nikilitoa leo, uongo utajulikana. Kwa hiyo nimerudi nyumbani kwa miguu, saa nzima, na kesho nitakwenda kwa miguu. Katibu, nilipompita getini, aliniuliza kama ni kweli kwamba hatimaye nimepata maegesho ila nimepoteza usafiri. Ijumaa mchana nitatangaza gari limepona na kulirudisha kabla dada hajafika. Mpango hauna tundu.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Siku kuu katika maisha yangu. Niandike polepole.

Saa nne nilipanda ngazi za maktaba na kuhutubia. Sikuwa nimepanga, lakini miguu ilikuwa inauma na nilimwona Msimamizi wa Samani akishuka kwenye gari lake, kivulini, akiwa na kibali maalumu kiooni. Damu ikachemka. Niliuliza: ni kitabu gani kilichoandika kwamba kiti kipate kivuli na msomi apate kokoto? Niliuliza: vibali hivi hutolewa na nani, kwa nani, na kwa huruma ya nani? Watu mia mbili wakapiga makofi. Nikadai, kwa maandishi, papo hapo, juu ya karatasi ya Katibu (faili lilipata kazi hatimaye), kwamba vibali vyote vya maegesho, vya aina yoyote, vifutwe kesho saa moja asubuhi, pasiwe na msamaha kwa yeyote, kwa sababu yoyote. Nilitia saini ya kwanza. Kubwa. Ilichukua mistari mitatu.

Mshauri wa Wanafunzi alitoka nje mwenyewe, akaisoma na kutabasamu. Alisema utawala umetamani kuvifuta vibali hivyo kwa miaka sita, ukasubiri tu ombi litoke kwa wanafunzi. Umekubali. Yote. Bila kupunguza neno.

Nilibebwa mabegani hadi mgahawani! Sentimita alisimama mlangoni mwa kibanda chake akipiga makofi kama wengine. Niliona hata machozi.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Saa sita mchana. Kufuli la chuma kwenye gurudumu la mbele la kulia.

Kibali cha gari bovu, alieleza Sentimita, kilikuwa kibali. Vimefutwa vyote saa moja asubuhi. Saa tatu gari likawa limepitisha saa zake mbili. Onyo la tatu.

Nikamwomba msamaha maalumu. Alisikitika. Msamaha umefutwa, mwanangu, na kwa hotuba nzuri hivyo, mimi mwenyewe nilitia saini.

Nilimwandikia dada ujumbe wa aya nne kuhusu muktadha. Alijibu neno moja: Wapi.

Alifika saa kumi moja kwa moja kutoka mafunzoni, sare ya zamu ikiwa kwenye mfuko na kadi ya gari mkononi. Hakunitazama. Alimwamkia Sentimita, shikamoo mzee wangu, naye akaitikia marahaba binti yangu na kumtolea kiti, kile ambacho mimi sijawahi kutolewa. Akamwonyesha lile ombi. Dada alilisoma kwa sauti hadi kwenye saini yangu, akauliza kwa upole kama mistari yote mitatu ni jina moja.

Kisha wakazungumza kama mwalimu na mwanafunzi wake bora. Alitaka kujua yote: chaki, valvu, kijitabu. Alicheka kwenye jeki. Kufuli likafunguliwa. Nilishika mlango wa mbele niingie, dada akasema wanyonge huandamana kwa miguu, akawahi zamu yake.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Naandika nikiwa varandani. Godoro langu nalo liko varandani, maua yake ya bluu yakitazama barabara. Dada ametoka zamu na kutoa hukumu. Natakiwa kulihamisha godoro kila asubuhi, nitafute pa kukaa, lisiote mizizi hapo. Likikaa siku mbili bila kusogea ataliweka nje ya geti, mimi nikiwa juu yake.

Kosa lilikuwa la mbinu, si la msimamo. Niliamini huruma ya dola. Sitarudia. Kuhusu godoro, kulisogeza ni kukiri kwamba ana haki ya kulisogeza. Halisogei.

Dada alitumia chaki! Amechora alama kwenye pembe ya godoro na sakafu, mbele ya macho yangu, bila haya. Nilijizuia kucheka. Kisha, sijui kwa nini, akainama akahesabu maua yanayogusa ukuta, akaandika kitu kwenye kijitabu kipya kilichofungwa kwa mpira, akaingia ndani kulala.

Kitambaa nimeshakilowesha.