Mwalimu Aliyehakikiwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ninayoishika mimi mwenyewe kwa unyenyekevu baada ya tuliyemwalika kupata udhuru wa ghafla alipoambiwa hakuna posho. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Uratibu. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Kuiratibu Kamati hiyo. Wakuu wa idara mliopo, na nyinyi mliowakilishwa na makoti yenu juu ya viti. Wadau wa elimu wa ngazi zote. Wazazi, walezi, na nyinyi mliokuwa mnapita tu mkaona kivuli cha turubai: itifaki imezingatiwa. (Makofi, hasa meza kuu.)

Nasimama mbele yenu kifua mbele, kama Mratibu Mkuu wa Mradi Shirikishi wa Uhakiki wa Walimu wa Tuisheni Wanaopatikana Mtandaoni, Awamu ya Kwanza. Ndugu zangu, tulikotoka ni kubaya. Mzazi alikuwa anafungua simu huku anakoroga uji, anaona picha ya mtu kavaa tai, chini imeandikwa "Hesabu na Sayansi, nafika mpaka nyumbani", na kufika jioni mtu huyo keshakaa kwenye kochi na mtoto, hajulikani ni wa nani wala ametokea wapi. Hali hiyo, katika muktadha mpana wa kidijitali, haikubaliki, na utafiti tulioufanya ofisini kwa kuulizana sisi kwa sisi unaonyesha kwamba asilimia tisini na nane nukta saba ya wazazi walikuwa na wasiwasi, na waliobaki walikuwa kwenye chai. (Kicheko. Mratibu anakipokea kama makofi.)

Ndipo mimi, baada ya semina elekezi na ziara ya mafunzo hotelini, nikabuni Alama ya Kijani. Ni duara la kijani lenye tiki nyeupe katikati, nililichora kwa mkono wangu, katibu muhtasi akaliweka kwenye ukurasa wetu. Mwalimu aliyechunguzwa na Kitengo cha Uhakiki anaruhusiwa kuliweka kando ya picha yake. Ukiliona, mzazi, huna haja ya kuuliza maswali, kwa sababu maswali yote yameshaulizwa na mfumo. (Makofi.)

Na mimi si kiongozi wa kuhubiri nisichokitenda. Mjukuu wangu, msichana wa darasa la saba, anasumbuliwa na hesabu za sehemu. Juzi, nikiwa kikaoni, nikafungua simu, nikaona kijana mtanashati, na kando ya picha yake, Alama yangu. Niliona fahari, sifichi. Sikumuuliza hata jina la pili. Nilimtumia ramani ya nyumba yangu, saa ambayo mtoto anatoka shule, na nikamweleza, ili kipindi kisiingiliwe, kwamba leo bibi yake atakuwa kliniki ya presha alasiri yote. Hivi ninavyozungumza, mwalimu huyo yuko sebuleni kwangu. Huo ndio ufanisi. (Mtu mmoja anapiga makofi, anaona yuko peke yake, anaacha.)

Mke wangu alipinga. Hakwenda semina, simlaumu. Alisema kwanza mwalimu atupe wazazi wawili aliowafundishia watoto, awapigie yeye mwenyewe. Kwamba siku ya kwanza wakutane maktaba, kwenye watu. Na akija nyumbani mlango ubaki wazi na mtu mzima akae hapohapo. Nikamwambia, mama watoto, hayo ni mambo ya kizamani, sasa kuna mfumo. Akaniangalia kama anavyoliangalia bomba lisilotoa maji.

Naona mkono umenyanyuliwa. Ni mama msusi wa pale karibu na stendi. Kwa kawaida maswali hupokelewa kwa maandishi, lakini leo ni siku ya furaha, mpeni kipaza sauti.

(Mama msusi anasema binti yake ana mtihani wa mwisho mwezi ujao, naye ameshampata mwalimu mtandaoni, mwenye Alama ya Kijani, aje Jumamosi. Anasema yeye atakuwa saluni, mtoto atakuwa peke yake. Kisha anauliza: "Mheshimiwa, hiyo Alama anaitoa nani?")

Swali zuri sana, mama, linaloonyesha jinsi wananchi walivyojengewa uwezo. Alama inatolewa na Kitengo cha Uhakiki.

("Kiko wapi?")

Kitengo, mama, kitakuwa katika jengo la kisasa, lenye vyoo vya ndani, litakalosimama hapa tulipokaa. Ndiyo maana leo tumekusanyika, kuweka jiwe la msingi, ambalo bado liko kwa fundi linaandikwa jina langu. (Kicheko.) Jengo likikamilika, wataajiriwa maofisa. Maofisa wakiajiriwa, watapewa mafunzo. Wakishapewa mafunzo, ndipo wataanza kuwachunguza walimu.

("Kwa hiyo mpaka leo mmewachunguza wangapi?")

Mama, takwimu lazima zisomwe kwa mapana yake. Mpaka leo, kutokana na changamoto za kibajeti, walimu waliochunguzwa ni... tuko katika hatua ya... hapana, hawajachunguzwa. Hajachunguzwa hata mmoja.

(Mama msusi bado amesimama. "Sasa huyo aliyeko nyumbani kwako, Alama kaitoa wapi?")

Kaitoa... (Mratibu anatazama karatasi yake. Anaigeuza.) Iko kwenye ukurasa wetu. Mtu yeyote anaweza kuichukua. Samahani, wananchi, naomba nipige simu kidogo, ni suala la kiutendaji.

(Mratibu anapiga simu. Mtu wa spika anamwashiria kwamba kipaza sauti kiko wazi. Haoni. Umati mzima unasikia simu ikiita, inaita mpaka inakata. Anapiga tena.)

Haloo, mama? Mama watoto, uko wapi? Uko nyumbani? Hukwenda kliniki? Ahsante Mungu. Mtoto yuko wapi? Muweke karibu. Muweke hapo hapo. Na mwalimu?

(Sauti ya mkewe inatoka kwenye spika, imetulia, na nyuma yake sahani zinagongana. "Alikuja. Nikamkaribisha, nikafungua mlango wa mbele, nikavuta kiti changu hapo na ungo wangu. Akaniuliza, kwani wewe huna kliniki leo? Nikamwambia nimeahirisha, nataka na mimi nijue hizo sehemu. Akasema amesahau kalamu kwenye gari. Mpaka sasa anaitafuta." Kisha: "Baba, kliniki yangu kaijuaje?")

(Hakuna anayecheka.)

Nitakueleza nikirudi. Nitakueleza yote. Funga geti, mama.

(Mratibu anakaa. Anasimama tena. Anameza maji ya mgeni rasmi.)

Ndugu wananchi, niliogopa. Niliogopa sana, na bado naogopa, maana mtu huyo ana ramani ya nyumba yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Mama msusi, Jumamosi usiende saluni. Au mwambie asije kabisa. Muulize kamfundishia nani mtoto, umpigie mzazi huyo mwenyewe, na kama hana wa kukutajia, basi. Kukutana naye mkutane maktaba. Na usimwambie mtu saa ambazo hupo.

Kwa kuwa ratiba inataka tufunge kwa kaulimbiu, na fulana zimeshachapwa, tuseme pamoja. Alama ya Kijani!

(Umati, kwa sauti moja: "Mlango wazi!")

Alama ya Kijani!

("Mlango wazi!")

Basi, tuache iwe hiyo. Nawashukuru wafadhili, ambao bado tunawatafuta. Namshukuru mwenye turubai, aliyetukopesha. Nakishukuru Kitengo cha Uhakiki, ambacho hakina jengo, hakina ofisa, hakina hata kiti, na kwa kweli hakijawahi kuwepo. Na kwa namna ya pekee namshukuru mke wangu, ambaye katika utumishi wangu wote hajahudhuria hotuba yangu hata moja.