Mkate, Chumvi na Posa ya Roseville

Jamani, leo nimejivunjia heshima mbele ya watu mia mbili, na mmoja wao alikuwa anarekodi. Bora mlisikie kwangu kabla video haijawafikia.

Mnanijua. Mimi si mtu wa shaka shaka. (Mama Zuhura amesoma sentensi hiyo akiwa nyuma ya bega langu, ametoka chumbani akicheka.) Haya, nina shaka kidogo. Nimeuza manukato na vitambaa Minneapolis miaka kumi na minane, na mteja anayenusa chupa sita bila kuuliza bei namtambua akiwa bado mlangoni. Ndiyo kazi yangu. Kazi hiyo ukiizoea, haibaki dukani. Unakwenda nayo nyumbani.

Binti yangu Zuhura ana miaka ishirini na mbili, anamalizia chuo, anaishi nasi hapa Coon Rapids. Mtoto wangu wa pekee. Tangu baridi ianze nimekuwa nikiona mambo.

Kwanza, kila Jumatano jioni na kila Jumapili mchana anaendesha gari mpaka Roseville. Kufanya nini? "Group project, Baba." Group project gani ya miezi mitano? Kisha kucha. Za mkono wa kulia ndefu, zina hina. Za mkono wa kushoto zimekatwa zote mpaka kwenye nyama! Nikajiuliza, ni nani huyu anayemwamuru mwanangu akate kucha za mkono mmoja? Halafu siku moja nilipita mlangoni kwake (nilikuwa naenda kuangalia hita, ambayo iko upande wa pili wa nyumba) nikamsikia anacheka kwenye simu: "Maksim, stop!"

Maksim.

Jina hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini sikuuliza. Mwaka jana nilimfuata Zuhura kwa gari mpaka maktaba, nikajificha kwenye upande wa vitabu vya watoto, akanikuta nimekaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, magoti yamefika kidevuni. Hakusema nami wiki tatu. Wiki tatu ndani ya nyumba moja, ananipita jikoni kama vile nimehama! Yule mtoto akininyamazia mimi sili, silali. Niliapa sitamfuata tena. Kwa hiyo safari hii nilikusanya ushahidi tu, kimya kimya.

Alhamisi akaja mwenyewe, mimi nakunywa chai.

"Baba, Sunday kuna concert Roseville. Ni watu wanaopiga ala za Kirusi, wanachanganya classical na kila kitu. You and Mama, please come. Na uvae ile kanzu yako nzuri. They really want to meet you."

"Kina nani hao?"

"Wote. Especially Mzee Grigori, kiongozi wao. Kuna kitu anataka kukuomba." Akanishika mkono. "Baba, it's important to me. Sikiliza tu mpaka amalize. Promise?"

Nikaahidi.

Sasa nyinyi watu wa pwani niamulieni. Watu wengi. Wana mzee wao. Mzee ana jambo la kumwomba baba wa binti. Baba avae kanzu. Hiyo ni nini kama si posa?

Nilimfuata Mama Zuhura chumbani, nikafunga mlango. "Wanaleta posa."

"Nani?"

"Warusi."

Akaendelea kukunja nguo. "Baba Zuhura, nenda kaoge."

Basi leo saa nane mchana tukafika. Ukumbi wa shule, maegesho yamejaa, theluji inayeyuka kila mahali, kanzu yangu imeshalowa chini. Mlangoni msichana akanipa karatasi ya ratiba. Nikaikataa. (Karatasi ya watu nisiowajua siishiki, ndivyo watu wanavyojikuta mahakamani.) Lau ningeishika na kuisoma, sasa hivi ningekuwa nimelala zangu.

Zuhura akatukalisha safu ya mbele kabisa, katikati, akasema, "Nakuja," akapotelea nyuma ya pazia. Mbona mbele? Mbona katikati? Nikamtazama Mama Zuhura. Yeye alikuwa ametulia tuli. Hilo nalo likanitia wasiwasi, maana mke wangu hatulii bure.

Wakatoka watu kumi na mmoja. Wanawake magauni mekundu marefu, wanaume mashati yaliyotariziwa shingoni. Wana vigitaa vya pembe tatu, vinaitwa balalaika. Kimoja lakini si kigitaa, ni pembe tatu hiyo hiyo lakini kubwa kuliko mlango wa friji, kimesimama kwa mguu wake, na nyuma yake kijana mrefu mwenye ndevu za rangi ya asali. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Bravo, Maksim!"

Yule kijana akapunga mkono. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu na kuinamisha kichwa. Mimi! Kati ya watu mia mbili! Sikumrudishia.

Mama mmoja alikuwa na ala ya nyuzi nyingi, ameilaza mapajani. Nikanong'ona, "Waone, wametuibia kanuni yetu ya taarab."

"Hiyo ni gusli," akasema Mama Zuhura.

Amejuaje? Nikamkazia macho. Akatazama mbele.

Muziki, nitasema ukweli, ulikuwa mtamu. Walianza taratibu, vitu vya kistaarabu vya kusikilizwa huku umefumba macho. Kisha bila kuaga wakaingia kwenye tango, kisha kitu cha rock, balalaika zinalia utadhani ni za umeme, watu wanapiga makofi. Mguu wangu ukaanza kugonga sakafu. Nikauzuia. Nilijua kinachofanyika: baba wa binti analainishwa kwanza.

Baada ya nusu saa Mzee Grigori akashika maiki. Ndevu nyeupe, sauti nzito. Na wanawake wawili wa magauni mekundu wakatokea pembeni wamebeba sinia. Sinia, jamani! Juu yake kitambaa cha kutarizi, juu ya kitambaa mkate mkubwa wa duara, na juu ya mkate kibakuli cha chumvi. Wakashuka ngazi moja kwa moja mpaka kwangu, wakaniomba nipande jukwaani.

Mama Zuhura akanivuta kanzu. "Pokea, sema ahsante, rudi."

Nikapanda, wakaniwekea ule mkate mikononi. Mzee Grigori akaanza, kwa Kiingereza chake cha polepole: "Rafiki zetu, miezi mitano iliyopita alitujia msichana mmoja. Tumempenda kama binti yetu. Sasa tunataka kumchukua, aende nasi. Lakini ametufundisha kwamba kwao jambo kama hili baba huombwa, tena huombwa na mzee, kwa adabu. Basi mimi ni mzee. Na huu ni mkate na chumvi, ndivyo sisi tunavyompokea mtu wa heshima."

Ukumbi mzima: "Aaaah!"

Mzee alikuwa bado anavuta pumzi aendelee. (Niliahidi nisikilize mpaka amalize. Nakumbuka. Msinikumbushe.) Nikachukua maiki.

"Kwanza," nikasema kwa Kiingereza changu cha dukani, "kijana mwenyewe asimame."

Hakuna aliyesimama. Wakatazamana.

"Wewe. Maksim."

Maskini akalaza lile pembe tatu lake sakafuni, akasimama, mikono hajui aiweke wapi.

"Unasali?"

Akafikiri kweli kweli. "Wakati mwingine," akasema. "Kabla ya sehemu ngumu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilipandwa na mori, na nilikuwa na maiki, na vitu hivyo viwili havitakiwi kukutana. Nikawaambia kwetu binti haombwi kwenye ukumbi wa shule mbele za watu. Mwenye haja anakuja nyumbani, Coon Rapids, Jumapili baada ya alasiri, na wazee wake, tunakunywa chai, tunazungumza. Hapana kumvizia mtu kwa mkate! "Na jibu langu kwa leo," nikamaliza, "ni hapana."

Mwanamke aliyekuwa akipiga kodiani kubwa akaivua mabegani polepole. Nyuma ya kodiani kulikuwa na tumbo la miezi saba hivi.

"Samahani, mzee," akasema kwa upole, "mbona unamhoji mume wangu?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kunyamaza. Mtu mwingine angerudisha maiki, angesema kuna kosa limetokea, angeshuka. Lakini mimi ni mtu wa Mombasa, na akili yangu ilipiga hesabu zake haraka ikapata jibu moja tu.

"Mke wa pili?!" nikapayuka kwenye maiki. "Mnataka mwanangu awe mke wa pili?!"

Kule nyuma mtu mmoja akaangua kicheko, na nilikitambua, kilikuwa cha Mkenya. Wengine wote walikuwa wameacha midomo wazi.

Pazia likafunguka.

Zuhura. Gauni jekundu kama wenzake, hijabu nyekundu, na mkononi kiala kidogo cha tumbo la duara na shingo ndefu. Vidole vya mkono wa kushoto vimeshika nyuzi. Vya kucha fupi. Kucha, jamani! Kucha!

"Baba," akasema, "ni tour. Wiki tatu, July. Wanataka niende nikapige nao domra."

"Domra ni nini?"

Akainua kile kiala. Macho yamejaa machozi, na hakuyaficha.

Nilijua alipiga gitaa akiwa high school. Nilidhani ameacha. Nilikuwa nimesimama pale nimekumbatia mkate wa watu, chumvi imenimwagikia kifuani, na jambo ambalo mwanangu alilihangaikia majira yote ya baridi, hata akawafundisha wazee wa watu namna ya kuja kuniomba, nilikuwa nimeshalikataa kwa maiki.

Mzee Grigori, Mungu ampe umri mrefu, ndiye aliyeniokoa. Akaniondolea maiki mkononi kama unavyomwondolea mtoto kisu. "Kwa hiyo Jumapili?" akauliza. "Coon Rapids? Chai?" Nikaitikia kwa kichwa. "Tutakuja," akautangazia ukumbi. "Wote!" Watu wakapiga makofi.

Nikarudi kitini. Zuhura akakaa kwenye stuli, akaanza. Nota ya kwanza ikapotea, na mimi ndiye niliyempotezea. Niliumia, wallahi. Nilitamani wanicheke mimi tena ili wasimtazame yeye. Akafumba macho, akaanza upya. Ulikuwa wimbo ambao marehemu mama yangu alikuwa akiuimba harusini kwetu, wanawake wanapokuwa peke yao. Sijui Zuhura aliwafundisha lini. Domra ikaimba, gusli ikaitikia, kodiani ikaingia taratibu kwa chini, na Maksim akawa anapiga yale manyuzi yake manene kwa uangalifu kama mtu anayelinda kitu. Nililia. Nililia na mkate mapajani, na mtu wa kamera alikuja mbele kabisa ili anipate vizuri.

Tukapanda gari. Tulipoingia barabara kuu nikamuuliza Mama Zuhura, "Ulijua?"

"Tangu Novemba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemuuliza mtu kama anasali."

Nikamtazama Zuhura kwenye kioo, yuko nyuma na domra yake mapajani. "Mwanangu, nisamehe. July nenda. Nimekubali kwa moyo wangu wote."

Akawa anafuta nyuzi za domra kwa ncha ya hijabu, mimi nikaanza kuziona zile wiki tatu zinarudi. Halafu akasema, "Next time niulize, Baba. Just ask me. Nitakuambia."

"Nitakuuliza."

"Okay." Akapangusa pua. "But they're still coming Sunday."

"Waje ya nini, na nimeshakubali?"

"You said no in front of everybody. Mzee Grigori anasema lazima aombe tena, properly, na wazee wake. Wako kumi na mmoja. He asked me inatakiwa azunguke dakika ngapi kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe."

Mama Zuhura akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Zuhura naye akacheka, kidogo, akitazama dirishani ili nisione. Nimeona.

Kwa hiyo Jumapili ijayo nina wageni kumi na mmoja na binti wa kuombwa. Msemaji wa upande wetu ni Mama Zuhura, jambo hilo lilipigiwa kura ndani ya gari, mbili kwa moja. Mimi nimepangiwa kumimina chai, bila maneno. Na msinicheke, jamani, maana hata hiyo chai nimepewa kwa majaribio.