Nyungunyungu Waliohamia kwa Bi Zamda

Mbuchi, Kibiti

Ndugu Mtendaji wa Kijiji,

Assalaam alaikum.

YAH: KUTOROSHWA KWA WADUDU WANGU WA MBOJI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini nakifafanua ili kumbukumbu za ofisi zisipungukiwe.

Mimi ni mhitimu wa Shahada ya Sayansi ya Udongo, pekee katika kitongoji chetu. Alhamisi wageni wa wilaya watakagua biwi langu la mboji. Likiwaridhisha nitakabidhiwa shamba darasa, nafasi niliyoingojea miaka miwili. Biwi hilo limekufa. Mtuhumiwa ni jirani yangu, Bi Zamda, ambaye hadubini hajaiona hata kwenye picha.

1. Biwi langu limejengwa kwa kipimo: mabua ya mpunga, majani mabichi, samadi ya mbuzi, na ndoo nne za maji ya mtoni, ninayochota yanapojaa ili nisikanyage tope kwa viatu vya ofisi. Bi Zamda hutupa tu: maganda ya ndizi, majani ya mkorosho, maji aliyooshea mchele. Hata hivyo, kijiti nikichomeka kwangu hutoka baridi kama samaki. Kwake hakishikiki kwa moto.

2. Kitaalamu, bakteria ndio huanza kuzipika taka. Joto likipungua huja jongoo kutafuna, kisha nyungunyungu humeza na kutoa mboji. Kwangu hakuripoti hata mmoja. Nyungunyungu arobaini niliowasafirisha kwa kopo kutoka Ngorongo walitoweka siku ya pili. Kwa Bi Zamda, pembezoni palipokwishapoa, wanajaa kiganjani. Sina haja ya kutaja mwizi.

3. Nilipomtaka awarudishe, alinijibu mbele ya wanawake wenziwe: "Mudathiri mwanangu, wadudu hawaangalii cheti, wanaonja." Wakacheka. Elimu ya juu ya nchi nzima ilidhalilishwa kando ya kinu.

4. Naomba basi sheria ndogo: kila nyungunyungu asajiliwe kwa jina la mwenye biwi, jongoo asivuke mpaka bila kibali, bakteria, kwa kuwa hawaonekani, wahesabiwe wote kuwa wangu, na Bi Zamda asirundike taka hadi apate stashahada.

Natumaini hatua zitachukuliwa kabla ya Alhamisi. Wasalimie mama watoto, wajumbe wote, na mgambo atakayekwenda kuwakamata nyungunyungu wangu.

Wako katika utumishi wa udongo,

Mudathiri Kibwana (Mhitimu)

Nakala: Diwani, Bi Zamda (asomewe).

Tanbihi (imeletwa baada ya barua): Bi Zamda amejisomea nakala yake mwenyewe, kwa miwani. Kisha akaja na kikombe, akachota kwenye ndoo yangu, akaniamuru nionje. Chumvi tupu. Kumbe maji yakijaa hapa ni bahari inayopanda. Maji baridi ya mto huchotwa bahari ikishakupwa, kwa kukanyaga tope. Wiki sita nimewanywesha wadudu wangu bahari. Naomba barua hii irudishwe pamoja na nakala ya Diwani, kama hajaifungua. Alhamisi wageni wapelekwe kwa Bi Zamda moja kwa moja. Nitakuwepo, namgeuzia biwi. Amekubali kunifundisha, kwa sharti viatu vibaki nyumbani.