Ujumbe Mmoja Usiofunguliwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Valérie,

Dosie yetu ya kuomba visa ya Kanada imepata ujumbe. Nimeuona asubuhi kwenye ukurasa wa ofisi yao: bahasha ndogo, na juu yake namba 1 nyekundu. Sijaufungua. Miaka ishirini na tisa nilikuwa sekretari wa shule, najua kazi. Barua haijafika mpaka anayepokea atie sahihi katika daftari. Nikifungua, nimetia sahihi, na siku zinaanza kuhesabiwa.

Nadhani wanaulizia habari zako. Chini ya jina langu bado kuna mstari wako: Valérie, mke, anasafiri pamoja. Na mdogo wako Maombi alisema mbele ya familia yote kwamba kitu chako hata kimoja kisiguswe kabla ya siku ya kuondoa matanga, tarehe 22, mwaka utakapotimia. Nguo zako ziko sandukuni. Kandambili zako ziko mlangoni. Mstari nao ni kitu chako.

Mpango: kutafuta mtandaoni chombo kingine cha kunionyesha dosie imefika wapi, bila kugusa bahasha. Rahisi.

Jumatano, tarehe 5

Télesphore jirani naye anangoja Kanada, kwa mwanawe. Baada ya misa ameinua simu juu watu wote waone. Programu yake ina duara linalojaa rangi ya kijani, asilimia 88.

“Papa Aurore, mimi niko kwa quatre-vingt-huit. Weye uko kwa ngapi?”

Nimemjibu kwamba bado nalinganisha vyombo.

“Linganisha tu. Nitakutumia carte postale toka Kanada.”

Nimeipakua programu hiyo hapo hapo nyuma ya ukuta wa kanisa. Asilimia 64. Nimesikitika mpaka mchana.

Alhamisi, tarehe 6

Nimejiuliza: hili duara linajua nini hasa? Nimebadilisha tarakimu moja ya namba ya dosie. Asilimia 71. Nimeweka namba ya kadi yangu ya ubatizo. Asilimia 79. Yaani kadi yangu ya ubatizo itafika Kanada kabla yangu.

Nimewaza sana. Ama programu inabahatisha, ama wenye programu ni Wakatoliki. Sijaamua.

Jumapili, tarehe 9

Chombo cha pili. Kundi la WhatsApp la watu wanaongoja, na jedwali lao. Kila mtu anaandika siku aliyopeleka dosie na siku ya ujumbe wa mwisho, kisha jedwali linakadiria. Nimelipenda mara moja. Mistari imenyooka kama nimeipiga mwenyewe kwa rula. Kuna mama mmoja wa kule Walungu anangoja tangu 2020, na kila asubuhi bado anatusalimia wote.

Penye ujumbe wa mwisho nimeandika: haujafika. Mstari wangu ukageuka njano. Eti dosie yangu huenda imelala. Nikauliza kundi kama kuna njia ya kuchungulia ujumbe bila kuufungua. Jean-de-Dieu mmoja, simjui, akajibu: “Muzee, uko unakimbia barua ama polisi?” Watu thelathini wakamwekea alama ya kicheko.

Wewe ungejua njia. Matokeo ya mtihani wa Aurore yalipokuja, uliinua bahasha kwenye dirisha ukasoma “réussi”, amefaulu, ndani ya karatasi. Halafu ukanipa ikiwa imefungwa, niwe wa kwanza kufurahi. Ulikuja kuniambia baada ya miaka sita.

Jumanne, tarehe 11

Aurore amepiga simu kutoka Kanada. Atajifungua mwezi wa nane, mumewe anafanya kazi mbali, anataka niwepo. Ameuliza kama kuna habari. Nimemweleza vyombo vyote viwili, uzuri na kasoro za kila kimoja.

“Papa, ile message banaituma lini?”

Tarehe 13 Mei. Imeandikwa kando ya bahasha.

“Banakupa siku trente, na banahesabia siku ya kutuma. Kesho ndio mwisho.”

Nimesema siku thelathini hazijaanza, maana sijatia sahihi popote.

“Papa, hakuna daftari. Hakuna mutu mwenye kungoja signature yako.” Kisha kwa sauti ndogo: “Ama unapenda mutoto akujue kwa telefone tu?”



Jumatano, tarehe 12

Mtaani Nyawera, kwenye duka la Fabiola mwenye kompyuta, kabla hajamaliza kufagia. Sikutaka kufungua peke yangu. Amesoma kwa sauti: nithibitishe wanaosafiri, na mke aje kutoa alama za vidole.

“Mama anapashwa kutoa vidole. Eko nyumbani?”

Nimesema ametutoka mwaka jana. Fabiola akaondoa mkono kwenye mashine. Akasema pole, papa, akanisogezea kiti.

Cheti cha kifo nilikuwa nacho ndani ya kitabu cha sala. Amekipiga picha, tumekituma. Kikabaki kitufe kimoja: ondoa mtu huyu. Akauliza kama anisaidie kubonyeza. Nikasema barua zangu nasaini mwenyewe. Nimebonyeza. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Jina langu limebaki peke yake kwenye ukurasa mpana.

Nikaenda moja kwa moja kwa Maombi kuungama. Alikuwa anasonga fufu.

“Shemeji, mimi nilisema nguo! Dada amekufa, na weye uko unamuombea visa?”

Akacheka mpaka akajifuta kwa kitenge. Halafu akalia kweli. Halafu akanipakulia, na mboga nyingi ya sombe.

Jumamosi, tarehe 15

Ofisi imejibu. Bahasha ndogo, namba 1 nyekundu. Aurore ameniapisha kwamba nikiiona nitaifungua dakika ile ile. Lakini leo ni Jumamosi, na ofisi yoyote ya maana haipokei barua siku ya Jumamosi. Jumatatu nitaitazama.

Wakati huo huo Télesphore ameshuka hadi 41, hana raha, na amegundua programu nyingine iliyo bora zaidi. Nimeipakua ili niijue tu. Swali lake la kwanza: wasafiri ni wangapi?

Nimeandika wawili. Duara likajaa mpaka 93. Nimekwenda kumwonyesha Télesphore kwenye mlango wake, na amerudi ndani bila kuaga.

Huko uliko, Valérie, unikumbuke.