Kompyuta Tisa Zinazoniamuru Nimpigie Mama

Kwa Mkurugenzi wa duka letu la mabomba na matangi ya maji, ambaye kwa bahati tu ni kaka yangu.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi. Nakuandikia kama mkuu wa stoo, si kama mdogo wako. Ningeweza kuvuka korido nikakwambia mwenyewe, lakini mambo ya mdomo kwako huingilia sikio hili yakatokea lile.

Nalalamikia programu mliyoichagua ya kuandaa kompyuta za ofisi. Kikao unakikumbuka. Fundi alikuja, miwani juu ya kichwa, na programu mbili kwenye flashi. Zote mbili zinachukua kila kilichomo ndani ya kompyuta moja na kukimimina kwenye nyingine, kusudi fundi asihangaike na moja moja. Ya kwanza ilitaka kompyuta ya mfano isafishwe kwanza, mambo binafsi ya mwenyewe yaondolewe. Ya pili haikutaka lolote: inanakili yote, haibakishi kitu. Mimi nilisema zote mbili ziwekwe kando, kompyuta ziandaliwe kwa mkono na watu wenye akili zao. Mkacheka. Wewe ukauliza ipi itamaliza kabla ya chakula cha mchana, na hicho ndicho kipimo pekee cha kitaalamu kilichotumika siku ile. Ikachaguliwa ya pili. Kompyuta ya mfano ikawa ya mhasibu, eti kwa kuwa yeye ni mtu wa utaratibu.

Matokeo ni haya:

1. Kompyuta zote tisa za wafanyakazi zina picha ya binti wa mhasibu, hana meno mawili ya mbele, anacheka. Mteja wa matangi amenipongeza kwa kupata mtoto anayefanana nami, hasa mdomo. Meno yangu yote ninayo.

2. Kompyuta zote tisa zinajiita "Mhasibu", kwa hiyo kila karatasi inayotoka kwenye printa inahesabiwa kuwa kaichapa yeye. Ijumaa ulisimama mbele ya wafanyakazi ukamsifu kwa kuchapa kurasa mia nne kwa siku moja. Mia tatu na tisini zilikuwa orodha yangu ya viungo vya mabomba. Naye akainuka, akapokea makofi, akakaa. Loo!

3. Saa nne asubuhi skrini zote zinaandika: Kunywa maji. Watu wazima wenye familia wanainuka kwa pamoja, wanakunywa. Saa tano kuna foleni ya choo. Choo ni kimoja, tena hakivuti maji vizuri, na sisi ndio tunaouza mabomba.

4. Saa kumi jioni zinaandika: Mpigie mama. Chini yake kuna vibonye viwili, Tayari na Baadaye. Basi hapo kazi imekwisha. Wauzaji wanawaacha wateja kaunta na koki mikononi, wao wanauliza mama kashindaje. Dereva wa lori, ambaye sijawahi kumsikia akitamka sentensi isiyo na tusi, nimemkuta nyuma ya matangi anadeka kwenye simu. Mlinzi hata kompyuta hana, lakini ikifika saa kumi anaingia kuchungulia ya mwenzake, anasoma, anatoka kupiga.

5. Mimi, kama unavyojua vizuri sana, sisemi na mama, mwezi wa saba huu. Siku aliyokupa wewe zana za baba, sanduku zima, wewe ambaye koki ya jikoni kwako ikivuja unaita fundi, nilisema niliyoyasema nikatoka bila kuaga. Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Leo mashine isiyomjua baba yangu inanipangia! Tayari siwezi kubonyeza, maana sijampigia, na mimi si mwongo. Nikibonyeza Baadaye, inarudi baada ya dakika kumi. Mpaka tunafunga saa kumi na mbili imeshaniuliza mara kumi na mbili. Kwa siku sita za kazi, hiyo ni Baadaye sabini na mbili kwa wiki, na kila moja nimeibonyeza mwenyewe.

6. Nilimfuata fundi aifute. Akasema mpaka neno la siri la mhasibu. Nikamfuata mhasibu. Badala ya kunijibu akaniuliza kumpigia mama kuna ubaya gani. Nikageuka nikarudi stoo, na wa mapokezi kasikia yote.

Kwa hiyo naomba programu hiyo iondolewe, kompyuta zote zifutwe na kuandaliwa upya kwa mkono, fundi asikanyage tena hapa, na mhasibu apewe onyo la maandishi kwa kosa la kumpenda mama yake saa za kazi. La sivyo, Jumatatu funguo za stoo utazikuta mezani kwako, utafute mkuu mwingine. Sitanii.

Nisalimie shemeji, watoto na wote walioko kwako. Mama usimsalimie.

Wako kikazi, wala si zaidi ya hapo,
Mkuu wa Stoo

Tanbihi: Nilikuwa naifunga bahasha ikafika saa kumi. Nimechoka kubonyeza. Nimempigia. Alipokea kabla simu haijaita mara ya pili, akaniita kwa jina la utotoni kabla sijamwamkia. Tumeongea dakika arobaini, zaidi juu ya goti lake. Nimelia, na ukimwambia mtu nitakana. Mwishoni akaniuliza kama wewe u mzima, maana miezi minne hujampigia, naye anaona haya kumsumbua mtu mwenye ofisi. Malalamiko yote hapo juu yafute, isipokuwa la choo. Fundi naye nimempigia. Utakapoisoma barua hii atakuwa ameshamaliza na kompyuta yako, ile uliyomkataza asiiguse kwa kuwa ni ya mkurugenzi. Mlango nimemfungulia mimi.