Vitu vya Watu Chumbani kwa Katibu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nkuhungu. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye uji. Na mimi naogopa.

Simu imeita saa nne. Bi Zaitun, afisa wa Mfuko wa Inuka Kati. Anakuja Alhamisi kukikagua kikundi chetu kabla ya kutoa mkopo wa mashine ya kukamua alizeti. Kina mama wamenunua hisa miaka mitatu wakiiwazia mashine hiyo. Miaka yote wamewauzia madalali alizeti kwa bei ya kutupa, mwaka huu wamegoma. Magunia yamerundikwa ndani, yanasubiri. Mkopo usipotoka, panya watakula na madalali watacheka.

Nikauliza, kijanja, Mfuko unaangalia nini hasa. Akasema wanafanya kazi kwenye maeneo yenye umaskini mkubwa, ambako benki hazifiki. Akanitakia siku njema.

Siku njema! Nilitoka nje nikautazama mtaa, jasho likanitoka. Mama Jenifa ana televisheni ya ukutani. Angelina ana makochi mekundu. Bartolomayo ana friza inayotosha mbuzi mzima. Umaskini wa kuonyesha uko wapi? Tumekwisha.

Na mwenyekiti wa kikundi ni Mama Emiliana, mama mkwe wangu. Hapo ndipo hofu yangu ilipojenga nyumba. Kwetu Wagogo, mkwe ni mkwe. Siketi naye chumba kimoja, simtazami usoni, na tangu nimuoe Ruthu, miaka minane sasa, hajanisemesha moja kwa moja hata mara moja. Kwenye mikutano yeye hukaa ndani, mimi hukaa nje chini ya dirisha na daftari langu. Akisema, naandika. Nikiwa na neno, Ruthu hulipeleka. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina kazi. Bartolomayo, mweka hazina, aliutaka sana. Ana tai mbili, lakini mwandiko wake ni wa kuku.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata! Tufiche vitu. Afisa akute nyumba tupu, aone huruma, asaini.

Tufiche wapi? Mahali ambapo Mama Mkwe hafiki, maana akijua atanikataza kupitia kwa Ruthu, na nikikatazwa kupitia kwa Ruthu nakatazwa mara mbili. Jibu likaja lenyewe. Chumbani kwangu. Mama mkwe aingie chumba anacholala mkwewe? Afadhali jua lichomoze Manyoni, magharibi kwetu.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimesema ni agizo kutoka juu. Sikusema juu wapi. Walinung'unika kidogo, kisha wakaleta. Televisheni. Makochi. Cherehani mbili. Redio, godoro jipya, sola. Bartolomayo kaleta friza kwa mkokoteni na masharti yake: isilazwe, isiinamishwe, isiwekewe kitu juu. Akataka nimwandikie kwamba nimepokea. Nikakataa. Maandishi ni ushahidi.

Ruthu aliuliza kama mama yake anajua. Nikasema atajulishwa wakati muafaka. Akanitazama kama anavyotazama mlenda ulioungua.

Jumatano, 13 Agosti

Sikulala. Chumba kimejaa mpaka dirishani, tumelala jikoni kando ya mafiga. Kila mlio ni mwizi. Panya kapita, mwizi. Bati limegonga, wezi wawili. Ikipotea televisheni nitalipa na nini? Nina baiskeli isiyo na tandiko.

Asubuhi hofu ikageuka moto. Nikaficha viberiti vyote. Ruthu akakosa cha kuwashia jiko, tukanywa maji.

Mchana nikahofia mchwa.

Bartolomayo amepita mara nne kuisalimia friza yake. Anasimama nje ya dirisha, anasikiliza. Nikamwambia haijachomekwa kwenye umeme, atasikia nini. Akasema anasikia ikihuzunika.

Jioni nimetoa maelekezo ya mwisho. Nguo zilizochakaa. Uji usio na sukari. Nyuso za huzuni. Na kuku yeyote asionekane uani! Wote wameitikia. Wameitikia haraka mno, sijapenda.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika mlango nimeufunga.

Saa tatu afisa kashuka kwenye gari. Mwanamke mtaratibu, mtandio wa kijani, kwao Kondoa. Nikageuka kumwonyesha maskini wetu. Mungu wangu! Wamevaa sare. Kitenge kipya, wote, na vilemba. Nyuma ya nyumba ya Angelina nikasikia kuku akilia mara moja, kisha kimya. Nikakimbia. Mzee Halfani, jirani yetu, anafuta kisu. Wamemwita achinje yeye ili mgeni wa Kiislamu ale bila wasiwasi. Kuku watatu! Nikamshika Angelina pembeni, nikamkumbusha habari ya uji. Akasema mgeni katoka mbali, akimpokea na matambara huko kwao watasemaje?

Hawa watu hawawezi kuwa maskini hata kwa nusu siku.

Mgeni akaingia kwa Mama Jenifa. Pilau sinia zima, na mahali pa kukaa hakuna. Akala amekalia ndoo iliyogeuzwa. Ukutani kuna mraba msafi, rangi mpya katikati ya moshi. Akautazama mraba. Akauliza kwa upole hapa palikuwa na nini. Mama Jenifa angesema nini? Kwamba wameficha televisheni ili waonewe huruma? Mbele ya mgeni mwenye kuku wake mkononi? Aibu ikamwinamisha kichwa. Akasema ipo kwa katibu.

Kwa Angelina, sakafuni kuna mashimo ya miguu ya makochi. Yako kwa katibu. Naye akatazama chini.

Kwa Bartolomayo, ambaye alikuwa amevaa tai zote mbili, moja baada ya nyingine kadiri upepo ulivyozichafua, jibu lilitoka kwa sauti ya mtu aliyelingojea siku nyingi. Friza ipo kwa katibu!

Na mimi nyuma yao natabasamu. Nilidhani mambo yanakwenda vizuri. Nyumba tupu, nyuso za huzuni. Nikatikisa kichwa kukubali.

Bi Zaitun akasimama. Akaweka kalamu mkobani.

"Katibu," akasema, "unawakopesha hawa kina mama kausha damu?"

Kausha damu! Wale wanaokupa hela asubuhi na kukubebea godoro jioni. Wale ambao Mfuko huu umeanzishwa kuwaokoa watu nao. Nikaona polisi. Nikaona picha yangu kwenye simu za watu.

Msafara mzima ukaelekea kwangu. Mbele Bi Zaitun na Mama Mkwe, aliyeitwa kutoka kwake bila habari ya lolote, mimi mwishoni kabisa kama heshima inavyotaka. Tulipofika uani, Bi Zaitun akasema haingii nyumba ya mtu peke yake. Mwenyekiti aingie, afungue mlango, avitambue vitu vya wanachama wake.

Kina mama wakashika midomo. Bi Zaitun hakuelewa, akarudia kwa upole. Mama Mkwe akaingia sebuleni, ambako hajawahi kukanyaga tangu niijenge nyumba. Hatua mbili kutoka mlango wa chumba, akasimama. Akautupia mlango mgongo. Akavuta khanga ikafunika kichwa na uso.

"Meshack."

Miaka minane! Sikujua kama jina langu analijua.

"Toa vitu vya watu."

Hakupaza sauti. Nikapita nyuma yake nimejikunja kama mwizi, nikaingia, nikaanza kutoa. Televisheni. Cherehani. Kochi, kochi. Kila kitu kikipita mlangoni, mwenyewe anakipokea na kwenda zake. Hakuna aliyeuliza kipi ni cha nani. Friza ikakwama mlangoni, mimi nikiwa upande wa ndani. Bartolomayo akapiga kelele isiinamishwe. Nikabaki humo mpaka adhuhuri, nikitazama mgongo wa friza. Nikasikia gari la Bi Zaitun likiondoka. Hakuaga.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijatoka. Pikipiki ikipita, polisi. Mchuuzi wa samaki kapiga honi, nikaingia chini ya kitanda, ambacho sasa kina nafasi.

Ruthu kalala kwa mama yake. Hajaacha neno. Kaacha mlenda, haujaungua, na hilo limenitisha zaidi.

Kina mama wanapita njiani hawageuzi shingo. Alasiri nimechungulia nikamwona Mama Jenifa ameketi mlangoni juu ya gunia lake la alizeti, kidevu mkononi. Dalali kasimama mbele yake anaongea. Mama Jenifa hajibu. Lakini hamfukuzi pia, na wiki iliyopita alimfukuza na ufagio.

Nimeogopa wezi, moto, mchwa na polisi. Yote ni hofu ndogo. Hofu yenyewe ni hii: kina mama watakosa mashine kwa ajili yangu, na watakuwa waungwana, hawatanisema. Sijui nitaishije kwenye mtaa wa watu ambao hawanisemi.

Jumapili, 17 Agosti

Sikuthubutu kwenda kanisani. Baada ya ibada kaja Bartolomayo, tai moja. Katumwa na wazee. Nimemvunjia mkwe heshima: nimemsimamisha penye mlango wa chumba changu na nimesababisha anitaje jina. Faini mbuzi mmoja, jike, asiye na kilema. Ruthu hatarudi mpaka mbuzi afike.

Nikauliza kama naweza kutoa majogoo wawili. Bartolomayo akasema ataandika kwamba nimeuliza. Sikupenda neno ataandika.

Jumanne, 19 Agosti

Bi Zaitun amerudi. Mkutano wa dharura. Nikajikokota mpaka chini ya dirisha langu, bila daftari. Ndani nikasikia Mama Mkwe akieleza kila kitu, polepole, bila kunitaja. Alisema kuna mtu. Mtu fulani alidhani umaskini ndio dhamana. Watu wakacheka kidogo. Bi Zaitun alicheka kidogo zaidi.

Kisha akasema. Kwamba alikuja kuangalia kama wanawake hawa wanaweza kudhaminiana. Kwamba Alhamisi aliondoka na hasira, lakini njia nzima mpaka mjini akawa anashangaa jinsi vitu vilivyorudi bila ugomvi, na sasa ameelewa. Nyumba ngapi zilimpa vitu huyu katibu bila risiti, na vikarudi vyote, na hakuna aliyegombana hata kwa sindano ya cherehani?

"Nyinyi mmemwamini hata yule," akasema. "Mkopo wenu nitausaini."

Vigelegele! Nikaruka nikagonga kichwa kwenye dirisha. Machozi yakanitoka, si ya kichwa. Mashine inakuja. Niliona miguu ya Mama Jenifa ikicheza chini ya mlango.

Sharti moja tu. Katibu abadilishwe leo hii. Kura zimepigwa, Bartolomayo kapata zote. Mimi sikupiga kwa kuwa nilikuwa nje.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimetulia sasa, nimewaza kwa akili timamu. Tukisema ukweli, mpango wangu ulifaulu. Bila mimi kukusanya vile vitu, Bi Zaitun angeona wapi uaminifu? Hakuna aliyeshukuru. Shukrani ya punda ni mateke.

Linabaki suala la mbuzi. Nyumba iko kimya bila Ruthu. Naogopa hata kivuli cha friza ambayo haipo.

Lakini leo nimesikia Mfuko una mkopo mwingine, wa vijana wafugaji, na mimi bado kijana kwa miezi kadhaa. Wanataka kuona mifugo kwanza. Sina hata mkia. Majirani wanayo. Nikiazima mbuzi wa mtaa mzima kwa siku moja, nikawaweka zizi moja, afisa anahesabu, anasaini, na mbuzi wa kwanza wa mkopo nampelekea Mama Mkwe. Ruthu anarudi.

Kosa la mara ile nimeliona wazi. Vitu vilikuwa kwangu, ndiyo maana nikashukiwa. Mbuzi hawa watakaa zizini kwa Mama Mkwe. Pale mimi siruhusiwi kukanyaga, kwa hiyo hakuna atakayesema nimekamata mifugo ya watu.

Tatizo dogo moja. Zizi linaombwaje, na mimi siongei naye, na Ruthu haongei na mimi? Nimemtuma Bartolomayo. Katoka sasa hivi, anakwenda mbio, na kachukua daftari.