Sindano Iliyoangusha Kambi Nzima

Jamaa, leo nimeaibika mpaka masikio yakawa moto. Kaeni hapa niwaambie mwenyewe, kabla hamjasikia ile ya kuongezwa chumvi huko kwa mfereji.

Mnajua nafanya kazi laibrari ya holi ya hapa shamba ya majani chai, mimi na Chebet. Tunapeana vitabu, tunapokea, na tunakumbuka nani amekaa na kitabu mpaka panya ikazaa ndani. Hiyo ya kukumbuka ni yangu. (Kichwa ninacho. Ni akili tu huenda likizo bila kuniaga.)

Juzi mkubwa wetu, Bwana Ombati, akasema ametoka Nairobi na mashine. Mimi nikangoja lori. Kumbe ni sanduku ya kadi, sindano ndefu kama ya kushonea gunia, na koleo ndogo ya kukatia. (Mashine gani haina hata nati moja?)

"Hii ndiyo laibrari ya kisasa," akasema. "Mtu akichukua kitabu, jina yake inaandikwa kwa kadi. Kadi ina matundu pande zote. Akichelewesha, unakata tundu ya kona ya kulia, inabaki wazi. Ukitaka kujua wachelewaji, unapanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano kona ya kulia, unainua, unatikisa. Wazuri wanabaki kwa sindano. Wale wabaya wanaanguka wenyewe."

"Na sisi tunafanya nini?" Chebet akauliza.

"Mmoja anatikisa. Mwingine..." Bwana Ombati akaangalia dirishani, huko kwa majani chai.

Tukaelewa. Mwingine anarudi kubeba kikapu mgongoni kwa ile baridi ya asubuhi. Na leo, tukionyesha hiyo mashine mbele ya meneja wa shamba, ndiyo ingejulikana ni nani.

Mimi nikaruka. "Bwana Ombati, niachie hizo kadi, nitazitayarisha!" Chebet akaendelea kupanga vitabu. Nikasema moyoni, huyu tayari anachuma majani.

Wachelewaji walikuwa wachache. Nikawakata vizuri. Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa mtu mkubwa.

Lakini nikafikiria. (Hapo ndipo likizo ilianza.) Shamba ya ng'ambo ya mto nao wamepewa kadi kama hizi hizi. Zikichanganyika je? Kwetu Ndanai ng'ombe haitoki bila alama. Baba anakata sikio ya kushoto, pembe tatu ndogo. Hata ikipotea mpaka Sosiot, mtu anaangalia sikio tu, anasema hii ni ya kwa kina Kipkoech. Sasa kadi si mali pia? Koleo ninayo. Masikio zinayo. Ya kulia ni ya wachelewaji, sawa, siigusi. Nakata ya kushoto.

Na ng'ombe ukimkata sikio, unasimama nyuma ya kichwa. (Ukisimama mbele, wewe ndiye utapigwa pembe.) Basi kadi nazo nikazigeuza zikanipa mgongo, moja moja, kwa heshima. Kushoto, kacha! Kushoto, kacha! Nikaanza hata kuimba.

Leo holi ilijaa. King'ora ya kiwanda ilikuwa imelia, mvua inapiga mabati, watu wakaingia na matope ya shambani. Meneja kwa kiti ya mbele. Pasta Nyamweya kando yake. Bwana Ombati akahubiri maendeleo mpaka Pasta akaona wivu. Halafu akaniita.

Nikavuta shati. Nikapitisha sindano kona ya kulia, kadi zote. Nikamwangalia Chebet nikamkonyezea jicho. Nikainua. Nikatikisa.

Prrrrrr!

Zote! Haki ya Mungu, zote. Zingine kwa viatu vya meneja. Juu ikabaki sindano na mkono wangu.

Mtu wa maana angenyamaza. Mimi nikaona, ala, kumbe kambi nzima ni wezi! Nikaokota moja, nikasoma kwa sauti ya korti.

"Pasta Nyamweya! Umechelewesha kitabu!"

"Mimi? Kijana, nimechukua jana!"

"Sindano haijui kanisa, Pasta."

Holi ikasema "Eeeeeh!" Nikapata nguvu. (Jamani, kwa nini hakuna mtu alinivuta shati?) Nikaokota ingine.

"Bwana Meneja!"

"Mimi pia?" akauliza polepole.

"Mashine haiogopi mkubwa, bwana."

Hapo huko nyuma kabisa Mzee Kirui, askari wa geti, akasimama na kofia mkononi. "Basi, weri, kijana wangu, usinisome! Naenda kuileta!" Akatoka mbio na mvua. Kina mama wawili wakafunga shuka, wakamfuata bila kuangalia mtu. Na hao wote hawakuwa na kadi hata moja pale!

Lakini mimi nilikuwa moto. Nikaokota ingine, nikavuta pumzi. "Na huyu mwingine, mwizi mkubwa, ni Kip..."

Ni mimi.

Chebet akaokota kadi moja, akaangalia mbele, akaangalia nyuma.

"Kipkoech, hii kona imekatwa na nani?"

"Hiyo ni ya kushoto," nikasema.

"Kushoto ukiangalia mgongo. Geuza."

Nikageuza. Kulia. Nikageuza tena, labda itanihurumia. Nikarudisha. Kulia.

"Na hii pembe tatu," akasema, sasa kwa sauti ya kufika geti, "si ndiyo alama ya ng'ombe za kwenu?"

Meneja akachukua kadi yake. Akaiangalia sana. Halafu akajishika sikio.

"Kwa hivyo mimi sasa ni ng'ombe ya baba yako?"

Holi ikapasuka! Pasta alicheka mpaka akamwegemea meneja. Mama mmoja akapiga kelele, "Meneja, ukipotea usijali, utarudishwa Ndanai!"

Bwana Ombati hakucheka. Alinyang'anya sindano mkononi mwangu, akampa Chebet. "Wewe, Kipkoech..." Na macho yake yakaanza kwenda dirishani, kwa majani. Mimi mgongo ukaanza kusikia kikapu.

Mara mlango, paa! Mzee Kirui, ameloa chapachapa, na kitabu ya picha ya ndege chini ya koti. "Nilichukua kabla mtoto wangu hajaingia shule," akasema. "Sasa ameoa." Nyuma yake wale mama, kila mmoja na yake, moja bado inanuka moshi ya jikoni.

Bwana Ombati akazipokea kama watoto waliopotea. "Hizi hata sindano haingezijua."

"Ni mdomo ya huyu imezileta," meneja akasema. "Mpe baiskeli."

Basi kazi ninayo. Kuanzia kesho, jioni nitabandika kadi masikio na gundi, Chebet akinisimamia. (Ati ataninunulia kengele ya ng'ombe, nisipotee.) Mchana nitazunguka kambi kwa kambi na baiskeli na gunia, niombe msamaha kwa wale niliwaita wezi, nichukue vitabu kwa wale ni wezi kweli.

Kwa hivyo nawaomba, mtu asicheke. Na wewe hapo nyuma unacheka kuliko wote, hebu niambie: kitabu yetu iko wapi?